Nikon Z6III na Canon EOS R6 Mark II: ipi ina kasi unayoihitaji?

Mtu anayetaka kuiacha kamera yake ya kioo (DSLR, yenye kioo cha ndani kinachopeleka mwanga kwenye kitazamio), tuseme Canon EOS 5D Mark III iliyotoka mwaka 2012 au Nikon D750 iliyotoka mwaka 2014, na kuhamia kamera ya kisasa isiyo na kioo, hatachelewa kutajiwa majina mawili: Canon EOS R6 Mark II, iliyotangazwa Novemba 2022, na Nikon Z6III, iliyotangazwa Juni 2024. Zote mbili zina sensa (kipande cha ndani kinachopokea mwanga na kuwa picha) yenye ukubwa kamili wa fremu ya filamu ya milimita 35, zote zina megapikseli takriban 24, na zote zilianza kuuzwa Marekani kwa dola 2,499 bila lenzi. Kwa kuwa zinakaribiana hivyo kwa ubora wa picha na kwa bei, wauzaji huzitofautisha kwa kasi, na kasi yenyewe huitaja kwa namba moja tu, yaani idadi ya picha ambazo kamera inaweza kupiga kwa sekunde. Kwa Canon namba hiyo ni 40. Kwa Nikon ni 20, 60 au 120, kutegemea aina ya faili na sehemu ya sensa inayotumika.

Nimezitumia zote mbili kwa siku chache, Nikon kwa muda mrefu zaidi kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mpya mikononi mwangu, katika kazi ambazo wapiga picha wengi wa pwani yetu wanazifahamu: harusi ya usiku ukumbini Dar es Salaam, mechi ya mpira ya vijana kwenye uwanja wa vumbi, na jioni mbili pale Forodhani, Zanzibar, ambako vijana hukimbia na kujirusha baharini kutoka ukutani wakati jua linazama. Ni maoni ya mwanzo, lakini yametosha kunionyesha kwamba namba zilizoandikwa kwenye boksi hazijibu swali la mnunuzi. Picha hupita hatua kadhaa kabla haijawa mali yako: kamera iwake, jicho lione, lenzi ipate fokasi, sensa isomwe, faili lifike kwenye kadi. Kamera moja inaweza kuwa na haraka katika hatua ya nne na ikakukwamisha katika ya tano, na kila kazi ina hatua yake inayouma zaidi.

Namba za mfululizo zinavyopaswa kusomwa

Tuanze na shata ya mitambo, ile yenye pazia halisi linalofunguka na kufunga mbele ya sensa. Canon hupiga picha 12 kwa sekunde na Nikon 14. Ukikumbuka kwamba 5D Mark III hupiga 6 na D750 hupiga 6.5, utaona kwamba anayetoka huko tayari anapata kasi maradufu bila kugusa shata ya elektroniki hata mara moja. Katika mechi ile ya vijana sikuona picha yoyote niliyoikosa kwa sababu ya tofauti kati ya 12 na 14. Nilizozikosa nilizikosa kwa kuwa nilikuwa nimesimama mahali pasipofaa au nilibonyeza nikiwa nimechelewa. Mwenye Canon azingatie kwamba 12 hupatikana kwa betri ya LP-E6NH yenye chaji ya kutosha, na kwamba akitumia betri ya kizazi cha nyuma, ambayo wengi wetu tunazo kadhaa kabatini, kasi hushuka.

Shata ya elektroniki ndiyo inayoleta namba kubwa. Canon hufika 40 kwa sekunde, tena kwa faili za RAW (data ghafi ya sensa, inayosubiri kuhaririwa) na kwa sensa nzima. Nikon hufika 20 kwa RAW. Ikitakiwa 60 hutoa JPEG pekee (picha ambayo kamera imeshaikamilisha na kuibana), na ikitakiwa 120 hutoa JPEG kutoka sehemu ya kati ya sensa, kiasi cha megapikseli 10 hivi. Kwa hiyo mtu anayepiga RAW, na kwa maoni yangu kila anayelipwa kwa harusi anapaswa kupiga RAW, alinganishe 40 na 20, asilinganishe 40 na 120. Kwa kipimo hicho Canon, iliyo ya zamani zaidi kati ya hizi mbili, inaongoza waziwazi.

Uongozi huo una gharama yake, na hapa inafaa tukae kidogo, maana ndipo wanunuzi wengi wanapojuta baadaye. Shata ya elektroniki haina pazia. Kamera huisoma sensa mstari kwa mstari, kutoka juu hadi chini, na mstari wa mwisho husomwa baadaye kidogo kuliko wa kwanza. Kitu kikisogea kwa kasi katika muda huo hupindika: mpira unaopigwa huwa kama yai, fimbo ya ngoma hujikunja, na ukiigeuza kamera kumfuata mkimbiaji, nguzo za nyuma yake huinama. Kinachoamua ukubwa wa kasoro hiyo ni muda ambao kamera inatumia kuisoma sensa nzima. Muda huo hauhusiani moja kwa moja na idadi ya picha kwa sekunde, wala karatasi ya sifa za kamera haiutaji.

Nikon inaitangaza sensa ya Z6III kuwa ya kwanza duniani ya aina ya tabaka nusu, yaani sensa ambayo saketi za kuchakata kwa kasi zimewekwa juu na chini ya eneo la picha, tofauti na sensa za tabaka kamili zilizomo katika kamera za Nikon Z9 na Z8, ambazo kumbukumbu yake ya kasi imejengwa nyuma ya sensa yenyewe. Wengi wakisikia neno tabaka hudhani kwamba Z6III inakaribia Z8. Ipo njia rahisi ya kujua ukweli bila maabara, nayo ni kutazama kasi ya shata ambayo kamera inaruhusu kutumia flashi. Mwanga wa flashi huwaka kwa kitambo kifupi mno, kwa hiyo lazima mistari yote ya sensa iwe wazi kwa wakati mmoja; kamera inayosoma sensa polepole hulazimika kuishusha shata hadi usomaji wote utoshee ndani ya muda huo. Z8, ambayo haina kabisa shata ya mitambo, huruhusu flashi kwa 1/200 ya sekunde. Z6III ikiwa katika shata ya elektroniki huruhusu flashi kwa 1/60 tu, na huruhusu 1/200 ikirudi kwenye shata ya mitambo. Canon R6 Mark II hairuhusu flashi hata kidogo katika shata ya elektroniki. Kwa mitambo hufika 1/200, na 1/250 pazia la kwanza likiwa la elektroniki.

Kwa picha mnato, basi, mtu asiinunue Z6III akitumaini kwamba shata yake ya elektroniki itaondoa kupindika kwa vitu. Katika kamera zote mbili, kitu chochote kinachokatiza mbele ya lenzi kwa kasi kinahitaji shata ya mitambo, na tukirudi huko tumerudi kwenye 12 na 14.

Kuna gharama ya pili. Canon ikipiga kwa shata ya elektroniki hupunguza kina cha data ya RAW kutoka biti 14 hadi biti 12, na nafasi ya kuinua vivuli wakati wa kuhariri hupungua kidogo. Nikon haipunguzi, ila sensa yake yenyewe, kwa sababu ya muundo huo wa tabaka nusu, ina chembechembe nyingi kidogo zaidi katika vivuli vizito kwenye ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) za chini. Mpiga picha wa harusi atakutana na jambo hili saa saba mchana, anapolinda weupe wa gauni la bi harusi kisha akalazimika kuling'arisha koti jeusi la bwana harusi. Usiku, kwenye ISO 3200 na kuendelea, sikuona sababu ya kuipendelea moja kuliko nyingine kwa jambo hili.

Ukumbini, chini ya taa za LED

Umeme wetu una mawimbi 50 kwa sekunde, na taa nyingi zinazoutumia hufifia na kung'aa mara 100 kwa sekunde. Taa za LED za jukwaani na skrini kubwa zilizopo nyuma ya maharusi hufanya hivyo kwa kasi kubwa zaidi. Sensa inayosomwa mstari kwa mstari huuchora mchezo huo kama mistari ya giza inayokata picha, na mistari hiyo ikipita usoni mwa bi harusi hakuna programu itakayoiondoa vizuri. Kamera zote mbili zina njia ya kusubiri kilele cha mwanga wa taa za kawaida, na zote zina njia ya kuirekebisha shata kwa hatua ndogondogo hadi mistari ya LED itoweke kwenye skrini. Nilizitumia zote na zilifanya kazi, lakini hutaka utulivu na dakika chache za majaribio kabla sherehe haijaanza, na taa zikibadilishwa katikati ya shughuli itabidi urudie. Ushauri wangu ni shata ya mitambo tangu maharusi wanapoingia hadi keki inapokatwa. Anayetumia flashi hana cha kuwaza: flashi ya kawaida ya juu ya kamera, ikiwa katika nguvu ya kati, haiwezi kujaa chaji mara 12 kwa sekunde, kwa hiyo idadi ya picha kwa sekunde haina maana kwake.

Kadi ndiyo inayoamua

Miaka kadhaa iliyopita, nikitumia kamera ya kioo, nilinunua kadi ya kumbukumbu kwa bei iliyonivutia. Lebo yake ilitaja kasi kubwa. Bi harusi alipoingia ukumbini na baba yake nilibonyeza mfululizo, na baada ya picha chache kamera ikakataa. Taa ndogo nyekundu ikawaka muda mrefu kuliko nilivyowahi kuiona, na wakati ilipozimika baba alikuwa ameshamkabidhi binti yake na ameketi. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa sikuijaribu kadi ile kabla ya siku ya kazi. Tangu hapo siwezi kuandika kuhusu kasi ya kamera bila kuandika kuhusu kadi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Faili moja la RAW la megapikseli 24 huwa na uzito wa megabaiti 20 hadi 30 hivi, tuchukue 25. Canon ikipiga picha 40 kwa sekunde huzalisha takriban megabaiti 1,000 kila sekunde. Nafasi zake mbili za kadi ni za SD za daraja la UHS-II, ambalo kikomo chake cha nadharia ni megabaiti 312 kwa sekunde, na kadi halisi huandika chini ya hapo. Data inaingia mara tatu zaidi ya inavyoweza kutoka, na ziada yote hulundikana katika kumbukumbu ya muda ndani ya kamera. Canon yenyewe inaeleza kwamba kwa kasi hiyo kumbukumbu hujaa baada ya picha 75 hivi za RAW, yaani chini ya sekunde mbili, au picha 140 hivi ukitumia RAW iliyobanwa, ambayo Canon huiita CRAW. Sekunde mbili zinatosha kwa kijana mmoja anayeruka kutoka ukuta wa Forodhani. Hazitoshi kwa vijana watano wanaofuatana, na pale hufuatana kweli, kila mmoja akitaka kuruka kwa mtindo wa kumshinda mwenzake. Kwa shata ya mitambo mambo ni tofauti kabisa: picha 12 kwa sekunde ni megabaiti 300 hivi, kadi nzuri inakaribia kuumudu mzigo huo, na kamera hufika picha 110 za RAW kabla ya kupunguza mwendo.

Nikon ina nafasi moja ya CFexpress Type B, aina ya kadi yenye kasi kubwa kuliko SD, na nafasi moja ya SD ya UHS-II. Kikomo cha nadharia cha CFexpress Type B ya kizazi cha kwanza ni karibu megabaiti 2,000 kwa sekunde. Picha 20 za RAW ni megabaiti 500 hivi, na zikihifadhiwa kwa ubanaji wa kisasa ambao Z6III inao huwa nusu ya hapo au chini zaidi. Kwa hiyo ukiwa na kadi nzuri ya CFexpress unaweza kubonyeza na kuendelea kubonyeza bila kufikiria chochote. Pale Forodhani nilipiga vijana wote waliofuatana bila kuinua kidole, na hii ndiyo mara ya kwanza nilipohisi moyoni kwamba nimeshika kamera ya kizazi kingine. Namba yake ni nusu ya ile ya Canon, lakini inaudumisha mwendo huo.

Lakini sharti moja halitajwi sana, nalo linawahusu hasa wapiga picha wa harusi. Wengi wetu huiweka kamera iandike kila picha kwenye kadi zote mbili kwa wakati mmoja, ili moja ikiharibika nyingine ibaki na kazi ya watu. Ukifanya hivyo kwenye Z6III, kasi ya kutoa data inakuwa ile ya kadi iliyo polepole, yaani SD, na faida ya CFexpress hutoweka karibu yote. Una njia tatu: kukubali mwendo wa SD, kuandika RAW kwenye CFexpress na JPEG ndogo kwenye SD, au kuacha nakala ya papo hapo. Njia ya kati ndiyo ninayoipendekeza, maana JPEG ni nyepesi na hukupa angalau kitu cha kumkabidhi mteja likitokea la kutokea. Kwenye Canon huna uamuzi wa kufanya, kwa sababu nafasi zote mbili ni sawa.

Bei nayo iingizwe kwenye hesabu. Anayetoka kwenye kamera za zamani huwa ana kadi za SD tayari. Anayeichagua Nikon na kutaka mwendo huo atalazimika kununua kadi ya CFexpress na kisomaji chake, na katika miji yetu bidhaa hizo ni chache madukani kuliko SD na bei yake iko juu. Nafasi hiyo hupokea pia kadi za XQD, zilizoitangulia CFexpress, jambo linalomsaidia mtu aliyewahi kuwa na Nikon D850 au D500. Anayeichagua Canon na kutaka kasi yake halisi anunue SD yenye alama ya V90, inayohakikisha uandishi usiopungua megabaiti 90 kwa sekunde. Kadi ya UHS-I ya kila siku, ambayo kikomo chake ni megabaiti 104, itaigeuza R6 Mark II kuwa kamera ya kusubiri. Inafaa kutaja kwamba Canon ilipotoa R6 Mark III Novemba 2025 iliweka nafasi moja ya CFexpress Type B, na kwangu hilo ni kukiri kwamba hapo ndipo Mark II ilipobanwa.

Fokasi

Hapa sitakuwa na maneno mengi, kwa sababu kamera zote mbili zimenishangaza kwa wema. Zote huutambua uso na jicho la mtu, wanyama na ndege, magari, pikipiki, treni na ndege za angani, na zote zinaweza kuachwa zichague zenyewe aina ya kitu. Kwa karatasi, Nikon hufokasi hadi kiwango cha mwanga cha −10 EV na Canon hadi −6.5 EV (namba ikishuka giza linazidi), vyote vikipimwa kwa lenzi ya f/1.2, yenye uwazi mpana sana, ambayo wengi wetu hatuna. Hata hivyo, pale bwana na bi harusi walipocheza muziki taa zikiwa zimefifishwa, zote ziliendelea kushika macho yao.

Tofauti niliyoihisi ni ya tabia. Canon huamua mapema: ukiinua kamera huwa imeshamshika mtu, na mara nyingi ndiye uliyemtaka. Katika kundi la wachezaji wanaogombea mpira hilo linaweza kukupeleka kwa asiye na mpira, nawe hutakiwa kumwelekeza upya. Nikon, katika njia yake ya ufuatiliaji inayoitwa 3D, hukutaka uweke alama juu ya mchezaji kwanza, kisha humfuata hata akipita nyuma ya mwenzake. Aliyezoea D750 atajisikia nyumbani. Mgeni kabisa wa upigaji picha, nadhani, ataielewa Canon siku ya kwanza na Nikon siku ya tatu.

Kinachoonekana kwenye kitazamio

Mtu wa kamera ya kioo amezoea kuona dunia moja kwa moja, bila kuchelewa. Kitazamio cha elektroniki ni skrini ndogo, na skrini huchelewa, hata kama ni kidogo sana. Canon ina kitazamio cha nukta milioni 3.69 na Nikon milioni 5.76, na vyote hufika mabadiliko 120 kwa sekunde. Mwendo ni laini kwenye zote mbili, ilimradi uchague hali ya mwendo laini na ukubali kwamba betri itaisha mapema. Nenda kazini na betri tatu. Kinachowatenganisha hawa wawili ni mwanga. Nikon inataja kung'aa hadi niti 4,000 (niti ni kipimo cha mwangaza wa skrini), na namba hiyo, ambayo niliipita nikiisoma kwenye karatasi, ndiyo iliyonigusa zaidi uwanjani. Saa tisa alasiri, jua likiwa kali na vumbi jeupe likirudisha mwanga usoni, mboni ya jicho hunywea, na kitazamio cha kawaida huonekana kama chumba chenye taa moja. Kwa Nikon niliendelea kuona rangi za jezi na nyuso. Kwa Canon nililazimika kukibana kitazamio machoni na kusubiri jicho lizoee, na kusubiri huko pia ni kasi inayopotea, ingawa hakuna jedwali linaloiandika.

Kukamata kabla ya kubonyeza

Kamera zote mbili zinaweza kuhifadhi picha za kabla ya kidole kufika chini. Nikon huhifadhi hadi sekunde nzima ya nyuma, lakini kwa JPEG pekee. Canon huhifadhi nusu sekunde ya nyuma katika hali yake ya mfululizo wa RAW kwa picha 30 kwa sekunde, na hufunga zote katika faili moja ambalo baadaye lazima ulifungue na kuchambua picha moja moja. Kwa mdiria anayesubiri samaki juu ya tawi, au kijana anayesita ukingoni kabla ya kuruka, uwezo huu una thamani kuliko picha 120 kwa sekunde. Sekunde nzima ya Nikon ni ya kusamehe zaidi kwa mwenye kidole kizito. RAW ya Canon ni ya kusamehe zaidi kwa aliyekosea mwanga. Mimi hukosea mwanga mara chache kuliko ninavyochelewa kubonyeza, kwa hiyo njia ya Nikon ilinifaa, ila anayepiga machweo, ambako anga na mtu vina mwanga tofauti kabisa, atashukuru kuwa na RAW.

Video nitaipitia kwa haraka. Zote hurekodi 4K kwa fremu 60 kwa upana wote wa sensa. Nikon inaongeza 4K kwa fremu 120, kwa kukata kingo za picha, na 6K ya RAW ndani ya kamera. Na katika video ndipo sensa yake ya tabaka nusu inapoonyesha faida, kwa kuwa mwendo wa kugeuza kamera haupindishi kuta sana. Anayepata nusu ya kipato chake kwa video na achukue Nikon.

Lenzi ulizo nazo

Kasi ya fokasi ni kasi ya lenzi vilevile. Lenzi za Canon EF, yaani za kamera zake za kioo, ambazo zimejaa kwenye soko la mitumba kuanzia Nairobi hadi Dar es Salaam, hufanya kazi kwenye R6 Mark II kupitia adapta ya Canon na hufokasi vizuri, nyingi zikiwa sahihi zaidi kuliko zilivyokuwa kwenye kamera ya kioo. Zile za miaka mingi huenda zisifikie 40 kwa sekunde, lakini 40 si hoja tena kama tulivyoona. Upande wa Nikon, adapta ya FTZ II huzipokea lenzi za F, za kamera za kioo za Nikon, zenye mota yake ndani, yaani AF-S na AF-P, na kuzifokasisha bila shida. Lenzi za AF na AF-D, ambazo hutegemea mota ya kamera, hazitafokasi zenyewe, kwa sababu adapta haina mota hiyo. Mwenye 80-200 f/2.8 ya zamani au 50 f/1.8D alijue hili kabla hajatoa fedha, maana litamlazimu ama kuzungusha pete kwa mkono ama kununua lenzi mpya, na bei ya lenzi mpya, ikijumlishwa kodi ya ongezeko la thamani, inaweza kuzidi tofauti yoyote ya bei kati ya bodi hizi mbili.

Kwa hiyo mwenye lenzi za EF na kadi za SD, ambaye kazi yake kubwa ni harusi, mikutano na picha za familia, sioni sababu ya kumtoa kwenye R6 Mark II; atapiga kwa shata ya mitambo, atakuwa na nakala kwenye kadi mbili, na hatakosa kitu. Anayepiga michezo juani, wanyama, au vitu vinavyotokea mara moja na kuendelea kutokea bila kupumzika, na ambaye yuko tayari kununua CFexpress na lenzi za Z (za Nikon zisizo na kioo), apate Z6III. Mimi niliyekuwa na lenzi chache za kila upande nimeichagua Nikon, kwa sababu ya kitazamio kwanza, kisha kadi.

Ukienda dukani, nenda na kadi yako na lenzi yako mwenyewe. Omba kamera iwekwe kwenye RAW na shata ya mitambo, toka nje ya mlango penye jua, mfuate mwendesha bodaboda anayepita, na ubonyeze hadi kamera ipunguze mwendo. Kisha hesabu sekunde zinazopita mpaka taa ya kadi izimike. Muuzaji mwema hatakunyima dakika tano hizo.